Kuzirudisha Kazini Kompyuta Kongwe kwa antiX: Usakinishaji na Utafutaji wa Hitilafu katika Maabara za Shule



1. Utangulizi

Kompyuta nyingi zilizomo katika maabara za shule zetu zilikwisha kutumika ofisini kabla ya kutufikia. Zinapopokelewa huwa na Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014, au huwa hazina mfumo wowote. Baada ya miezi michache moja inagoma kuwaka, nyingine inakwama katikati, na hatimaye zote zinarundikwa stoo huku wanafunzi wakijifunza kompyuta kwa kuchora kibodi daftarini.

Mada hii inahusu mashine za takribani mwaka 2000 hadi 2008: Pentium 4, Pentium M na Core 2 Duo za mwanzo. Hoja yangu ni kwamba nyingi zingali na kazi ya kufanya, na kinachozipeleka jalalani mara nyingi ni haraka ya fundi. Mashine ikigoma, anafuta kila kitu na kusakinisha upya kabla hajajua imegomea wapi. Kompyuta huwaka kwa hatua zinazofuatana, na hatua iliyokwamia ndiyo inayoonyesha dawa. Atakayejifunza kuzisoma hatua hizo ataokoa mashine nyingi kuliko mwenye rundo la CD.

2. Kwa nini antiX

antiX ni mfumo endeshi wa familia ya Linux ulioanzia Ugiriki. Mwanzoni ulikuwa marekebisho ya MEPIS, nayo MEPIS ilijengwa juu ya Debian. Leo antiX yenyewe inajengwa moja kwa moja juu ya Debian. Wanaoutunza ni jamii ya watu wanaojitolea, si kampuni. Wamechukua kazi ya Debian, wakaondoa systemd inayosimamia huduma za mfumo, wakaweka mbadala mwepesi zaidi, na badala ya mazingira mazito ya eneo-kazi wakaweka IceWM. Toleo la 23, lililotoka Agosti 2023, limejengwa juu ya Debian 12. Mfumo huu unapatikana kwa sura nne: full, base, core na net. Kwa maabara ya shule nashauri full au base, kwa sababu core na net humwachia fundi kazi kubwa ya kuongeza vifurushi mwenyewe.

Watengenezaji wametaja RAM ya MB 256 kuwa kiwango cha chini. Mashine itawaka kwa kiwango hicho, lakini kwa kazi ya darasani nashauri GB 1. RAM za DDR za zamani hupatikana kwa mafundi wanaovunja kompyuta mbovu, na kuongeza RAM ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote.

Kuna sababu nyingine inayohusu prosesa. Mwaka 2012 Ubuntu ilianza kudai sifa iitwayo PAE, inayoiwezesha prosesa ya biti 32 kufikia kumbukumbu zaidi ya GB 4. Pentium M nyingi za kuanzia 2003, zilizomo katika laptop kama ThinkPad T40 na Dell Latitude D600, hazitangazi sifa hiyo ingawa kwa kweli zinayo. Matokeo yake kerneli inasimama na kuandika kwamba prosesa haina pae, na fundi anahitimisha kuwa laptop imekufa. Kerneli ya antiX ya biti 32 imeundwa bila sharti hilo, hivyo inawaka. Atakayelazimika kutumia mfumo unaodai PAE aongeze neno forcepae mwishoni mwa mstari wa kuwashia kerneli, na kwa kawaida mashine itaendelea.

3. Ukaguzi kabla ya kusakinisha

Kazi ianze na bisibisi. Fungua kasha, toa vumbi, na tazama kapasita zilizoizunguka prosesa. Mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa kapasita duni ambazo huvimba kichwani au kuvuja maji ya kahawia. Mashine yenye kapasita zilizovimba itajizima yenyewe bila mpangilio, na hakuna mfumo endeshi utakaoiponya. Zibadilishwe kwanza, au mashine itolewe vipuri.

Pili, badilisha betri ya saa. Katika kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, ile inayofanana na sarafu. Ikiisha, mashine husahau tarehe kila inapochomolewa kwenye umeme, na usahaulifu huo huleta matatizo yanayoonekana kuwa ya intaneti, kama nitakavyoeleza.

Tatu, pima RAM kwa programu ya memtest86+ kwa mzunguko mmoja kamili au zaidi. Hata kosa moja jekundu linatosha kuikataa RAM hiyo. Ukiwa na vipande viwili, pima kimoja kimoja.

Nne, ifahamu prosesa. Washa antiX kutoka kwenye fleshi (namna ya kuiandaa iko katika sehemu ya 4) bila kusakinisha, fungua terminali na uandike lscpu. Katika orodha ya sifa tafuta maneno matatu. Ukiona lm, prosesa ni ya biti 64, basi tumia toleo la biti 64 hata kama RAM ni ndogo kidogo. Neno pae nimekwisha kulieleza. La tatu ni sse2. Pentium 4 na Pentium M zinayo. Pentium III na Athlon XP hazina. Bila sse2, Firefox ya miaka ya karibuni haiwaki kabisa, kwa hiyo mashine hiyo ipangiwe kazi zisizohitaji kivinjari cha kisasa.

4. Usakinishaji

Baada ya kupakua faili la ISO, hakikisha limefika zima kwa amri ya sha256sum na kulinganisha namba na ile iliyotolewa na watengenezaji. Upakuaji uliokatika katikati huzaa hitilafu ambazo fundi anaweza kuzihangaikia siku nzima. Kisha andika lsblk ili uijue fleshi yako kwa ukubwa wake, ndipo utumie dd kuiandikia. Ukikosea herufi moja kati ya sda na sdb, diski ya mashine unayofanyia kazi inafutika, kwa hiyo amri hii isiandikwe kwa pupa wala kuachiwa mwanafunzi peke yake.

Mashine nyingi za kabla ya 2005 haziwezi kuwaka kutoka kwenye fleshi hata BIOS yake ikiorodhesha USB. Hapo choma Plop Boot Manager kwenye CD: mashine inawaka kwa CD, kisha Plop inaikabidhi kwa fleshi.

Ukiwa ndani ya antiX ya majaribio, jina la mtumiaji na nenosiri ni demo, na la msimamizi ni root. Kabla ya kusakinisha jaribu sauti, mtandao, kipanya na skrini. Kisha gawa diski. Kwa mashine kongwe nashauri patisheni tatu: ndogo ya /boot mwanzoni kabisa mwa diski, ya swap yenye GB 2, na iliyobaki kwa mfumo. Sababu ya patisheni ya mwanzo ni kwamba BIOS nyingi za zamani hazioni kitu chochote kupita GB 137 za diski. Bila patisheni hiyo, mashine inaweza kuwaka vizuri leo, halafu siku kerneli mpya itakapoandikwa nje ya mpaka huo itagoma bila fundi kuigusa.

5. Kusoma hatua iliyokwamia

Mashine ikigoma, jiulize kitu gani cha mwisho kimeonekana kwenye skrini.

Ikiwa hakuna kitu kabisa, hata nembo ya mtengenezaji, tatizo liko kwenye umeme, RAM au mazabodi. Mfumo endeshi haujafikiwa bado, na kusakinisha upya ni kupoteza muda. Sikiliza milio na uihesabu, kwa kuwa kila BIOS ina lugha yake ya milio.

Nembo ikionekana kisha yakaja maneno grub rescue, BIOS na diski vinafanya kazi ila GRUB, programu inayoipakia kerneli, imepoteza mafaili yake. Hapa ndipo wengi hufuta mfumo mzima pasipo sababu. Andika ls, nayo itaorodhesha patisheni. Kagua moja baada ya nyingine, kwa mfano ls (hd0,msdos1)/ hadi uikute yenye folda ya grub. Kwa mgawanyo nilioushauri, fuatisha mistari hii mitatu:

set prefix=(hd0,msdos1)/grub
insmod normal
normal

Kama /boot haina patisheni yake, mstari wa kwanza uishie na /boot/grub, na namba iwe ya patisheni ya mfumo. Menyu ikitokea, ingia kwenye mfumo na uandike sudo grub-install /dev/sda ili marekebisho yadumu. Kazi hii ni ya dakika chache, na hakuna faili la mwanafunzi linalopotea.

Kerneli ikianza kisha skrini ikawa nyeusi huku diski ikisikika ikifanya kazi, mfumo umewaka ila picha haijapatikana. Kwenye menyu ya kuwashia bonyeza e, ongeza nomodeset kwenye mstari wa kerneli, kisha F10. Mashine ikiwaka hivyo, tatizo ni la kadi ya picha.

Kila kitu kikiwaka lakini vifurushi vikakataa kusasishwa na tovuti zikalalamikia vyeti vya usalama, andika date kabla ya kugusa mtandao. Saa ikiwa imerudi 2002, apt itakataa kwa maelezo kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika, na kivinjari kitaona kila cheti kuwa batili. Rekebisha saa, badilisha betri, na malalamiko yote mawili yatakwisha pamoja.

Wi-Fi isipoonekana, andika dmesg na utafute neno firmware. Kadi za Intel 2200 na nyingi za Broadcom zinahitaji faili lake maalumu, na jina la faili linalokosekana huandikwa hapo hapo.

6. Mipaka

Tusiwadanganye wakuu wa shule. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Mozilla ilitangaza mwaka 2025 kwamba Firefox nayo inaiacha. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32, ingawa Debian 12 inahudumiwa kwa muda mrefu hadi Juni 2028. Kwa hiyo mashine ya biti 32 ipewe kazi zisizotegemea intaneti: uchapaji kwa LibreOffice, mahesabu, masomo ya programu, na Wikipedia ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwa Kiwix. Mashine za biti 64 ndizo zibaki za mtandao.

Umeme pia upimwe. Pentium 4 za mwisho zilifikia zaidi ya wati 80 kwa prosesa pekee, ilhali Pentium M haikuzidi sana wati 27. Shule inayotumia sola ichague laptop za Pentium M na iziache Pentium 4, hata zikitolewa bure.

7. Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila maabara iwe na daftari la mashine: namba yake, prosesa, RAM, tarehe ya kubadilisha betri, hitilafu iliyotokea, hatua iliyokwamia na dawa iliyofaa. Pili, fleshi moja yenye antiX iliyohakikiwa itunzwe na mwalimu mhusika, isitumike kubebea muziki wala barua. Tatu, wanafunzi washirikishwe katika ukaguzi, maana kijana aliyeondoa grub rescue kwa mikono yake ameielewa kompyuta kuliko aliyekariri sehemu zake kwa mtihani.

La mwisho ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba kazi hii inawezekana kwa lugha yetu. antiX ni mali ya jamii, na yeyote aweza kuongeza tafsiri na mwongozo. Ndugu washiriki, msirudi makwenu na ujuzi huu kichwani tu. Yaandikeni mnayoyatibu, yaandikeni kwa Kiswahili, na mpelekeeni fundi wa shule ya jirani kabla hajazitupa mashine zake.