Kutu Huanzia Ndani

Leo tutasoma habari za bomba la moshi la motokaa.

Mwaka 1961 kiwanda cha Jaguar, Uingereza, kilitoa motokaa ndogo ya kwenda mbio, iitwayo E-Type. Hata leo wako watu wanaozitunza. Lakini bomba la chuma cha kawaida huwasumbua, maana huliwa na kutu.

Kutu hiyo yatoka wapi? Yatoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke. Mvuke huo ukipoa huwa maji kadiri ya lita moja. Katika safari ndefu bomba hupata moto, maji yakakauka. Katika safari fupi maji hubaki bombani, na chuma huoza.

Bomba likitoboka, hasara si ya fedha tu. Moshi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya motokaa yaweza kumwua dereva.

Dawa yake ni chuma kisichoshika kutu. Mwaka 1913, Harry Brearley wa Sheffield alichanganya chuma na kromi. Kromi hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma. Ikikwaruzwa, hujifunga yenyewe.

Basi ukinunua, usidanganywe na kung'aa. Uliza namba ya chuma. Namba 304 ina kromi kadiri ya sehemu 18 katika 100. Namba 409 ina sehemu 11 tu. Bei yake ni nafuu, lakini hushika kutu upesi zaidi. Rahisi ghali.

Sasa someni tena, kisha mjibu: kwa nini safari fupi huharibu bomba?

Kwaherini.