Jubilei ya Fedha na Daftari la Madeni
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya)



Baba Paroko, mwenyekiti wetu, wanakwaya wenzangu wa Lodwar, ndugu zetu mliotoka Kakuma, na waumini wote: karibuni sana.

Leo tunaadhimisha jubilei ya fedha, miaka 25 ya uimbaji. Kwa kuwa wengi wetu tunaishi kwa kuuza samaki, unga, mbuzi na vikapu, nimeombwa niseme kidogo juu ya ile fedha nyingine, ya mfukoni.

Katika Mambo ya Walawi 25, jubilei ilitangazwa kwa baragumu, lakini haikuishia kwenye sauti. Shamba lililouzwa lilirudi kwa jamaa yake. Aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi nyumbani huru. Hata bei ya shamba ilihesabiwa kwa miaka ya mavuno iliyobaki, ili asipunjwe muuzaji wala mnunuzi. Mungu aliingia mpaka sokoni.

Je, faida ni dhambi? La. Gunia la mahindi kutoka Kitale lina nauli yake. Mwenye duka akiuza kwa hasara atafunga, na jirani zake watakosa pa kununua. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali kwamba faida huonyesha biashara inakwenda vizuri, ila akafundisha kuwa si lengo lake pekee. Biashara ni jumuiya ya watu, nayo ipo kuhudumia jamii nzima. Sisi waimbaji tunaelewa upesi: bila pumzi hakuna wimbo, lakini hakuna anayekuja kanisani kusikiliza pumzi.

Sasa tuje nyumbani. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, wa mwaka 2018 ulionyesha biashara zaidi ya 2,000 katika eneo la Kakuma. Mgao wa chakula unapochelewa au kupunguzwa, maduka ndiyo hulisha watu kwa mkopo. Hiyo ni huduma kubwa. Lakini ipo pia desturi ya kushika kadi ya chakula au laini ya simu ya mteja kama rehani. Mgao ukifika, mwenye kadi hana sauti: huchukua anachopewa, kwa bei anayoambiwa. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kushika rehani jiwe la kusagia, maana ni kushika uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la Kakuma ni kadi ile.

Mtauliza: bila rehani, nani atalipa? Ni swali la haki, kwa sababu mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Basi mkopo uwe wa kiwango ambacho mteja anakiweza, bei itajwe kabla, deni liandikwe kwenye daftari lake na letu, na jirani mmoja amdhamini.

Ombi langu ni moja. Mwanakwaya yeyote mwenye duka, Lodwar au Kakuma, aliye na kadi ya mtu kwenye droo, airudishe wiki hii. Deni libaki kwenye daftari, kadi irudi kwa mwenyewe. Hapo baragumu letu litakuwa limesikika hadi sokoni.