KRISMASI YA WATOTO WETU SISI WA HOTELI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mtumishi wa meza katika hoteli ya pwani, mbele ya mkutano wa tawi mwezi wa Novemba. Yamepigwa chapa hapa kwa kuwa wengi waliokuwa zamu hawakuweza kufika.)



Nimepewa dakika kumi tu, kwa kuwa wa zamu ya jioni wanangojewa na gari saa tisa. Mimi si msemaji. Kazi yangu ni kubeba sahani. Lakini nimezibeba miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote, Krismasi nilizokula na watoto wangu nyumbani, tarehe 25 yenyewe, ni mbili tu.

Mwajua Desemba ilivyo huku kwetu. Watu wa Nairobi wanashuka kwa magari, kwa ndege, na tangu 2017 kwa gari moshi la reli mpya. Kuanzia Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12, mpaka baada ya mwaka mpya, vyumba vimejaa. Ndipo karatasi inapobandikwa ubaoni ya kwamba hakuna livu kwa mtu ye yote. Simlaumu tajiri kwa jambo hilo peke yake, kwa maana msimu huo ndio unaotulisha sisi pia, na bakshishi za Desemba twazijua wenyewe. Lakini watoto wetu wadogo wanayalipia mambo haya, nao hawana chama.

Mwaka 2019 nilichaguliwa niwe Baba Krismasi wa hoteli, kwa sababu ya tumbo langu. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikavishwa joho jekundu na ndevu za pamba katika joto lile, nikapandishwa juu ya ngamia ufukoni. Watoto wa wageni wakanikimbilia kwa kelele. Nikagawa zawadi, nikambeba mtoto mmoja wa kike ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa binti yangu, miaka minne. Baba yake akatupiga picha nyingi.

Nilifika kwangu Kisauni saa saba ya usiku. Binti yangu alikuwa amelala na nguo yake mpya mwilini na viatu miguuni. Mama yake aliniambia ya kwamba amekataa kuvuliwa mpaka baba aione. Sikutaka kumwamsha. Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa njiani tena. Nguo ile nilikuja kuiona tarehe 28, ikiwa imekwisha kuchafuka.

Na nguo yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka katika advansi. Nguo, viatu, kuku wawili, soda, unga wa chapati, zote ni advansi. Januari ilipofika nikakatwa. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, nami nilipewa ile theluthi moja iliyobaki, sawasawa na sheria, wala hakuna aliyeniibia. Nikasimama nayo mkononi mbele ya mwenye nyumba, na mwalimu wa chekechea akingojea yunifomu.

Krismasi ya kwanza niliyokaa nyumbani ni ile ya 2020. Mwakumbuka. Mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa, hoteli ikafungwa, sisi tukapelekwa nyumbani bila malipo, na mwisho wa mwaka hoteli yetu ilikuwa ingali imefungwa. Tulikuwa na pakiti moja ya unga. Binti yangu alisimama juu ya kigoda akasukuma chapati, na kila moja ilikuwa na pembe kama ramani. Tulizila zote. Mchana tulilala mkekani, jioni tukaenda baharini kwa miguu.

Sasa ana miaka kumi. Nikimwuliza ni Krismasi gani anayoikumbuka, anataja ile. Ile nguo hata haikumbuki.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Sisemi ya kwamba ukata ni mzuri. Mwaka ule mama watoto aliuza cherehani yake, na mpaka leo hajapata nyingine kama ile. Asije mtu akachukua maneno haya akampelekea tajiri, kwamba wafanyakazi wenyewe wamesema hawahitaji fedha! Ninalosema ni hili: mtoto wa miaka mitatu hajui tarehe. Ukimwambia leo ndiyo Krismasi, kwake ni Krismasi, hata ikiwa ni tarehe 22. Lakini anajua kabisa kama baba yupo au hayupo, na kama mama amekaa chini au anakimbilia gari.

Kwa hiyo mwaka 2022 tulianza mpango wa zamu, na wageni katika tawi hili yafaa wajue ulivyoanza. Haukuanzishwa na sisi Wakristo. Mpishi mmoja mzee, Mwislamu, alisema jikoni, "Ninyi huwa mwanishikia zamu siku ya Idi, nami nawashikia Krismasi, kwa midomo tu, na kila mwaka mtu mmoja husahau. Kwa nini tusiandike?" Tukaandika. Wenzetu Waislamu wanaoweza wanachukua usiku wa 24 na mchana wa 25. Sisi twachukua siku za Idi, zile mbili. Na kati yetu Wakristo, mwenye mtoto wa chini ya miaka sita anatangulizwa. Anayepata tarehe 25 mwaka huu, mwaka ujao anapata 26 au mwaka mpya. Meneja alikataa kwanza. Alipoona ya kwamba katika karatasi yetu hakuna meza hata moja isiyo na mtu, akatia sahihi. Mwaka 2023 nami nilipata tarehe 25 yangu, na hiyo ndiyo ya pili.

Kuna wenzetu wasio na watoto walionung'unika, nao wana haki. Mmoja aliniuliza, "Je, mimi nisiye na mtoto sina mama yangu huko Busia?" Tukawapa hao nafasi ya kwanza ya kuchagua Pasaka na mwaka mpya. Wengine wameridhika, wengine hawajaridhika, na mwaka jana tulizozana sana. Mkutano huu ulitazame jambo hilo tena.

Sasa nataka kusema juu ya yaya, maana hapa ndipo kina mama wetu wa kutandika vitanda wanapoumia. Kila mwaka, karibu na tarehe 20, yaya anafunga mizigo kwenda kwao, na wengine hawarudi. Hoteli imejaa, livu hakuna, na mtoto wa miezi minane ataachwa na nani? Tumesikia ya dada wa miaka minane anayeachiwa mdogo wake pamoja na jiko la makaa. Hilo tusilikubali hata siku moja.

Lakini tusimlaumu yaya. Yeye naye ni mfanyakazi, ana mama yake, pengine ana mtoto wake mwenyewe huko bara. Sheria ile ile inayotupa sisi livu ya siku ishirini na moja za kazi kwa mwaka inampa na yeye. Tunampigia kelele tajiri wetu, kumbe nyumbani sisi wenyewe ni matajiri wabaya! Mwulize mapema ataondoka lini, mlipe mshahara wake wote kabla hajapanda basi, kwa kuwa nauli za Desemba mwazijua. Kisha utuletee tarehe hiyo, tuipange zamu yako kwa kuifuata. Kina mama watatu wanaokaa mtaa mmoja, wakiwa na zamu mbalimbali, wanaweza kushikiana watoto. Kule Bamburi wako wanaofanya hivyo tangu mwaka juzi.

Mambo mawili ya sheria, upesi. Baba ambaye mke wake atajifungua Desemba ana haki ya wiki mbili na malipo, na mama ana miezi mitatu, na kujaa kwa vyumba hakuondoi haki hiyo. La pili, atakayefanya kazi tarehe 25 na 26 asome kifungu cha sikukuu katika mkataba wetu, ajiandikie saa zake katika daftari, na mwisho wa mwezi alinganishe na karatasi ya mshahara. Mwaka jana wanne kati yetu walipunjwa, na aliyekuwa na daftari ndiye aliyelipwa kwanza.

Karatasi ya majina iko kwa Ndugu Katibu. Andika umri wa mtoto wako mdogo, siku unayoiomba, siku uliyo tayari kumshikia mwenzako, na tarehe ya kuondoka yaya. Ifungwe tarehe 5 Desemba, kwa sababu meneja anaitaka tarehe 8. Asiyejua kuandika amwone mwakilishi wa idara yake.

Gari limekwisha piga honi.