Vita vya Maji Maji katika Uwanja wa Kiloleli

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imeniomba nizungumzie yale maigizo ya vita tuliyoyafanya hapa Kiloleli mwishoni mwa Agosti. Baadhi yenu mlishiriki, na wengine mlizisikia habari zake huko mliko kazini. Nimepewa dakika ishirini. Mimi ni mtumishi wa serikali, niliyezoea kukaa na kusikiliza hotuba ndefu kuliko hiyo, kwa hiyo nitajitahidi nisiwalipizie ninyi.

Kwanza nijibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kusini: Umatumbi, Ungindo, Mahenge, Ungoni. Huku kwetu Usukuma havikufika. Kwa nini basi tuigize vita vya watu wengine? Katika kikao cha maandalizi wako waliotaka tumwigize Mkwawa na ushindi wake wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891, maana ushindi una raha ya kuigiza. Mwalimu wa Historia ndiye aliyetubadilisha mawazo kwa neno moja tu. Alisema, "Maji Maji ilianza kwa pamba." Ndugu zangu, hapo hapakuwa na ubishi tena. Mwambie mtu wa Kiloleli habari yoyote inayoanza na pamba, naye ataketi asikilize mpaka mwisho.

Na kweli ilianza kwa pamba. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba la amri wakang'oa miche. Lilikuwa shamba la pamoja lililosimamiwa na akida na majumbe. Watu walitolewa makwao kwa zamu kwenda kulilima, huku mashamba yao ya chakula yakiota majani, na malipo waliyopata baada ya msimu yalikuwa ya kutia aibu. Kung'oa miche ile kulikuwa ni kutangaza vita.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Sisi tulipanga kilimo kile cha shuruti kiigizwe kwa ngoma ya bugobogobo, watu wapige jembe kwa mpigo wa ngoma, watazamaji wapendezwe. Vijana wakafanya mazoezi siku tatu, tena vizuri sana. Siku ya nne akaja mzee mmoja wa kijiji, akatazama, akaomba kuuliza. Akasema, "Wanangu, hapa mnamlimia nani?" Tukamjibu kwamba tunamlimia akida wa Mjerumani. Akasema, "Bugobogobo ni ngoma ya watu waliokubali kulima. Mtu anayelimishwa kwa kiboko hapigiwi bugobogobo." Akaondoka zake. Tuliziweka ngoma kando. Siku ya maigizo watu walilima kimya, na uwanja mzima ukasikia sauti ya majembe peke yake na mluzi wa akida. Mimi nimeziona tamthilia za Chuo Kikuu zenye taa na mapazia, lakini sijaona kitu kilichonyamazisha watu namna ile.

Ya pili ilihusu kung'oa kwenyewe. Ninyi nyote mnajua kwamba baada ya mavuno mkulima wa pamba huku kwetu anatakiwa ang'oe mabua na kuyachoma, ili wadudu wasivuke mwaka. Kwa hiyo tulikuwa na shamba zima la mabua ya kweli, na mwenye shamba alifurahi kupata vibarua wa bure. Lakini kijana mmoja wa kidato cha pili akauliza inakuwaje basi: wale waling'oa pamba kwa kuikataa serikali, na sisi tunang'oa kwa kuitii. Hilo swali lilitupa mchana mzima. Tulizungumza jinsi wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walivyoipokea pamba hii hii wakaifanya silaha yao, wakaunda vyama vyao vya ushirika, mpaka mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, na Ndugu Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Tukazungumza pia kwamba wazee hao hao, walipoletewa amri nyingi za kilimo na mifugo wasizoshirikishwa, walizikataa, na ghasia za Geita za mwaka 1958 zilitokana na hayo. Mmea ni ule ule. Yule kijana aliandika yote katika daftari lake, na nasikia amekuwa msumbufu sana darasani tangu siku hiyo. Mwalimu wake anisamehe.

Sasa nije kwenye vita. Tulichagua shambulio la boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, na ndiyo sababu ya kufanya maigizo yetu mwisho wa mwezi huo. Siku ile maelfu ya wapiganaji, Wapogoro na Wambunga na wenzao, walilikabili boma lililokuwa na maofisa wachache wa Kijerumani, askari kama 60 na bunduki za rashasha. Walikuja uwanda mweupe, mchana, wakiamini kwamba ile dawa iliyoenea kutoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale itageuza risasi kuwa maji. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa tangu mwanzo wa mwezi ule.

Tulipogawa nafasi, wanafunzi wote walitaka kuwa wapiganaji, na kama arobaini walitaka kuwa Kinjikitile. Aliyejiandikisha kuwa askari hakupatikana hata mmoja. Ikabidi sisi wanafunzi wa zamani, wenye vitambi, ndio tulinde boma. Mwenyekiti akaninyooshea kidole akasema, "Wewe umezoea kutii amri za serikali, hii nafasi ni yako." Watu walicheka sana. Nikapewa nguo za kaki, kofia nyekundu, na bunduki ya mbao iliyochongwa na fundi wetu wa hapa sokoni.

Siku za mazoezi mwanafunzi mmoja alinijia akanisalimu, "Shikamoo, mzee," kisha akaniuliza kama wale askari walikuwa Wazungu. Nikamwambia hapana. Wale wa kwanza Wissmann aliwaandikisha mwaka 1889, Wasudani kutoka Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji. Lakini kadiri miaka ilivyopita, Wajerumani waliandikisha watu wa humu humu nchini na jirani: Wamanyema, Wanyamwezi, na Wasukuma. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe wetu walikuwepo vitani, ila upande ule." Sikuwa na la kumwongezea. Vitabu vyetu vya shule huandika "Wajerumani walishambulia", "Wajerumani walichoma vijiji", na ni haki kuandika hivyo kwa kuwa amri ilikuwa yao. Lakini hesabu za serikali yao wenyewe zasema kwamba katika vita vile upande wao ulipoteza Wazungu 15, na Waafrika waliokuwa nao 389. Mikono iliyoshika viberiti ilikuwa ya nani, ndugu zangu?

Nami nilipokuwa nyuma ya ule ukuta wetu wa matofali mabichi, na vijana mia mbili wanatoka kwenye mkwaju wakija mbio na fimbo na mabua, wanaita "Maji! Maji!", nilimwona mtoto wa dada yangu yuko mstari wa mbele. Anakuja kwangu, uso umekaza. Mwalimu wetu mstaafu, aliyekuwa amevaa koti jeupe kama ofisa wa Kijerumani, alipotoa amri nilielekeza bunduki ya mbao kama nilivyoagizwa. Nyuma yangu mtu akitikisa kokoto ndani ya debe: ndiyo rashasha yetu. Mtoto wa dada yangu akaanguka. Ninafanya kazi ambayo kila siku karatasi inafika mezani na karatasi inatoka, na ni nadra nione inakofika. Pale niliona.

Nisiwafiche kwamba kulikuwa na vichekesho. Waliokufa walifufuka, wengine mara tatu, wakashambulia upya, mpaka wazee wakapiga kelele kutoka pembeni, "Marehemu walale!" Mmoja alikufa kivulini tu, akatafuta mti kwanza.

Baada ya rashasha kunyamaza, watazamaji wakapiga makofi. Tulikuwa tumepanga iishie hapo, kisha nyimbo na chakula. Ndipo mayu mmoja aliyekuwa ameketi mbele, na ambaye hakuwa na nafasi yoyote katika igizo, akauliza kwa sauti: "Na hao waliobaki, walikula nini?"

Mwalimu wa Historia alimjibu pale pale mbele ya watu. Alieleza kwamba vita vilipoendelea, maofisa wa Kijerumani waliona risasi peke yake hazitoshi, wakaamua njaa ndiyo imalize kazi. Maghala yakachomwa, mazao yakafyekwa, mbegu zikachukuliwa. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa kule katika miaka ya sitini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi yake. Yule mayu akasema, "Basi hamjamaliza."

Akasimama. Wakasimama na wanawake wengine, kama ishirini hivi. Wakachukua nyungo na vikapu vilivyoletwa kwa ajili ya chakula cha sherehe, wakavigeuza kuonyesha ni vitupu, wakauzunguka uwanja polepole, wakipita katikati ya vijana waliolala chini. Hapakuwa na mazoezi wala mwongozo. Mmoja aliinama akaokota kitu mchangani, akakipepeta, akakitupa. Walizunguka mara mbili, wakarudi kuketi. Hakuna aliyepiga makofi. Ndugu Mwenyekiti, katika shughuli yote tuliyoigharimia miezi miwili ya vikao, sehemu iliyokuwa ya kweli kupita zote ni hiyo ambayo kamati haikuipanga.

Kwa wanafunzi ninalo jambo moja la vitendo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kusini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake, Kinjeketile. Wale waliokuwa na kalamu walikuwa vijana kama ninyi, wamewazidi miaka michache tu. Wazee walioishi siku za kina Bomani, na waliozikumbuka zile amri za kilimo za wakati wa Mwingereza, wamebaki wachache sana humu vijijini kwetu. Yule mzee wa bugobogobo nimekwisha kuzungumza naye. Amekubali mje, mradi mje wawili wawili, asubuhi, na msimtembelee msimu wa palizi.

Kuhusu mwakani, kamati imeamua kwamba wanawake wapangiwe sehemu yao tangu mwanzo, na yule mayu ameombwa awe mshauri. Bunduki za mbao ziko stoo ya shule, zimehesabiwa, ni kumi na mbili. Kofia nyekundu moja imepotea, aliyenayo airudishe kwa katibu bila kuulizwa maswali. Nafasi za wapiganaji zimekwisha kujaa. Za askari ziko tisa, na nimeambiwa niseme kwamba safari hii wanafunzi watapigiwa kura.