Reli ya Kampala na Dakika za Mfanyakazi



Mwezi Aprili mwaka 2024, gari la moshi la abiria lilirudi katika njia inayounganisha jiji la Kampala na eneo la viwanda la Namanve, katika nchi jirani ya Uganda. Huduma hiyo ilikuwa imesimama tangu katikati ya mwaka 2023 ili kupisha matengenezo makubwa ya reli. Kurudi kwake ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, baada ya shangwe za ufunguzi hubaki swali moja ambalo halijibiwi kwa hotuba: je, mfanyakazi anayetoka kwake alfajiri kwenda kiwandani amepunguziwa dakika ngapi za safari yake?

Swali hilo lina historia. Reli kutoka pwani ya Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Uganda iliunda shirika lake yenyewe. Baadaye huduma ya abiria ilififia, hata ikafika wakati reli ikawa ya mizigo tu. Desemba mwaka 2015 abiria wa jijini walirudishiwa gari lao, likienda asubuhi na jioni na kusimama Nakawa, Kireka na Namboole kabla ya kufika Namanve. Mwaka 2018, baada ya mkataba wa kampuni iliyokodishwa reli kuvunjwa, gari hilo lilianza tena chini ya shirika la umma. Ndipo yakaja matengenezo ya mwaka 2023 na ufunguzi wa mwaka 2024. Kwa hiyo Kampala imekwisha kufungua njia hiyo hiyo kwa abiria zaidi ya mara moja. Funzo liko hapo: kufungua njia ni kazi ya siku moja, bali kuulinda muda wa safari ni kazi ya kila siku.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Kilomita 12 zikiendwa kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huchukua dakika 36. Zikiendwa kwa kilomita 40 kwa saa, huchukua dakika 18. Katika vituo vitatu vya njiani, gari likisimama dakika mbili kila kimoja, huongezeka dakika sita. Hivyo safari ya kwanza ni dakika 42, na ya pili ni dakika 24. Reli imara inaweza kumrudishia abiria dakika 18 kila aendapo, na 18 nyingine kila arudipo. Lakini gari hilo hilo likichelewa kuondoka kwa dakika 20, faida yote ya reli mpya imekwisha kuliwa kabla gurudumu halijazunguka.

Askari yeyote anayeshika zamu anaielewa hesabu hii. Anayefika dakika 20 baada ya saa ya kukabidhiana lindo hawezi kujitetea kwamba njiani alitembea upesi. Mfanyakazi wa kiwandani naye yuko katika hali hiyo hiyo. Kwake yeye, gari linalokwenda polepole lakini huondoka kwa saa iliyotangazwa lina manufaa kuliko gari la kasi lisilojulikana litaondoka lini. Tena, pale ambapo magari ni ya asubuhi na jioni tu, aliyekosa gari hana la pili. Atarudi kwenye basi dogo au bodaboda, aingie katika msongamano wa Barabara ya Jinja, na alipe nauli kubwa zaidi.

Ni nini basi kinachokula dakika hata baada ya reli kutengenezwa? Kwanza, njia ni moja. Gari la abiria na gari la mizigo litokalo Malaba haviwezi kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lazima moja lingoje kwenye njia ya kupishania. Pili, kuna makutano ya reli na barabara. Dereva wa gari la moshi akijua kwamba mbele kuna mabasi yanayojipenyeza hata baada ya honi kulia, hupunguza mwendo, na gari zito likishapunguza mwendo huchukua muda kuupata tena. Tatu, kuna maji. Bonde la Namanve ni ardhi ya kinamasi. Mfereji ukiziba, mvua husomba kokoto, tuta hulegea, na amri ya kwenda polepole hutolewa. Nne, kuna vibanda vinavyojengwa hatua chache kutoka kwenye reli. Mwaka 2014 vibanda vingi vya kando ya reli vilibomolewa mjini Kampala, na wafanyabiashara wengi wadogo wakapata hasara. Mwenye mamlaka anayenyamaza kibanda cha kwanza kinapojengwa, ndiye anayeandaa uchungu wa siku ya kuvunja.

La tano linawahusu hasa wasikilizaji wa kipindi hiki, nalo ni wizi. Kwa miaka mingi reli za ukanda huu zimeibiwa vifungo na mataluma ya chuma, ambavyo huuzwa kama vyuma chakavu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupendelea mataluma ya zege katika matengenezo ya sasa, kwa kuwa zege halina mnunuzi wa kuliyeyusha. Hata hivyo vifungo bado ni vya chuma. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kifungo kimoja kikitoka, gari halianguki; lakini vikitoka vingi, mkaguzi wa njia hana budi kuamuru mwendo upunguzwe, na dakika zilizonunuliwa kwa fedha nyingi za umma hurudi kupotea kimya kimya.

Wapiganaji wanakumbuka kwamba mwezi Oktoba mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la reli ya TAZARA kwenye mto Chambeshi, nchini Zambia. Adui alijua kwamba kukata reli ni kukata pumzi ya nchi. Mwizi wa vifungo hana sare wala baruti, lakini kazi anayoifanya usiku ni ya namna ile ile, ila yeye huifanya kidogo kidogo. Wala haitoshi kumkamata yeye peke yake. Anayenunua chuma hicho bila kuuliza kimetoka wapi ndiye soko lake.

Mambo haya si ya Uganda peke yake. Dar es Salaam ilianzisha magari ya moshi ya abiria wa jijini Oktoba mwaka 2012, kwa njia ya Ubungo na kwa njia ya TAZARA, katika reli zinazokatiza barabara na makazi ya watu. Yanayotokea Nakawa na Kireka yanaweza kutokea Buguruni.

Kwa hiyo, askari wa usalama barabarani anayesimamisha magari kwenye makutano ya reli, na anayefuatilia mzigo wa vyuma chakavu hadi kwa mnunuzi, wanamlindia mfanyakazi dakika zake. Dakika hizo ni usingizi wa mtu anayeamka alfajiri, na ni wakati wa mzazi kuwakuta watoto wake hawajalala. Zinastahili lindo kama linavyostahili ghala la taifa.