Sigara ya Waya wa USB: Mazungumzo na Wakazi wa Oruchinga



Jambo lililonileta laenea kiganjani: ganda la kalamu, waya mwembamba uliozungushiwa pamba, na waya wa USB uliokatwa kwenye chaja ya simu. Kijana aliyenionyesha chombo hicho ni fundi simu hodari, nami sitamtaja. Aliniuliza kwa adabu: "Afande, sikununua wala sikuuza. Nimeunda mwenyewe kwa vitu vilivyotupwa. Kosa langu ni lipi?"

Swali lake lastahili jibu la haki. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika hapa Uganda mwaka 2016, imepiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Katazo hilo halikomi kwa muuzaji. Lamgusa pia anayeziingiza nchini na anayezitengeneza. Nanyi mnaovuka Kagera pale Kikagati kwenda Murongo na kurudi, fahamuni kwamba kilichonunuliwa ng'ambo, hata kama kilitandazwa mezani mchana kweupe, kikifika huku huhukumiwa kwa sheria ya huku.

Lakini sikuja kuwatisha kwa pingu. Ninachokiogopa zaidi ni moto. Tundu la kawaida la USB katika kompyuta hutoa volti 5 na mkondo wa nusu ampea, yaani wati 2.5 tu. Waya mfupi wa kupashia joto hutaka kuvuta zaidi ya hapo, na chaja hafifu huchemka hata plastiki yake ikayeyuka. Fundi akiona nguvu haitoshi, huongeza betri kuukuu ya simu. Betri ya lithiamu huwa imejaa ifikapo volti 4.2. Ikiunganishwa moja kwa moja na volti 5, bila kibao cha kuilinda, huzidi kushindiliwa umeme mpaka ivimbe, itoe gesi na kuwaka. Mafundi mlioketi hapa mmeziona betri zilizovimba. Sasa ifikirieni moja iko mbele ya midomo ya mtu, au chini ya mto wake usiku, katika nyumba ya turubai iliyo hatua chache tu kutoka kwa jirani.

Kisha kuna kile kinachochemshwa. Nikotini hupenya hata kwenye ngozi. Maji ya tumbaku yaliyolowekwa nyumbani hayana kipimo, na mtoto akiyaonja huweza kutapika, kutetemeka, hata kufa. Akiyanywa, msimlazimishe kutapika; mkimbizeni kituo cha afya, mkachukue na ile chupa.

Msidhani kwamba maradhi haya ni ya maskini peke yao. Marekani mwaka 2019 ilikumbwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na kuvuta mivuke ya namna hii. Kufikia Februari 2020 wagonjwa walikuwa zaidi ya 2,800, na 68 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamevuta mchanganyiko wa bangi wa magendo uliotiwa mafuta ya vitamini E, mafuta ambayo mtu huyameza bila kudhurika. Mapafu si tumbo.

Wazazi, mkikikuta chombo hiki msianze na fimbo. Kitoeni nje ya nyumba, mbali na jiko, wala msiitupe betri katika shimo la kuchomea taka. Kisha mwulizeni kijana sababu. Yule wangu aliniambia kwamba sigara zilimshinda bei na kifua, naye alitaka kuziacha. Nilimpeleka kwa mhudumu wa afya, si mahabusu. Kibao cha chaja alikibakiza, maana ni mali ya kazi yake.

Sasa nawaachia nafasi ya maswali, tukianza na akina mama walioketi nyuma.