Mfuko wa Chakula Ukifura, Usionje



Madukani kuna vyakula vilivyopikwa tayari, vinavyokaa miezi mingi kwenye mifuko laini bila friji. Siri ni mfuko pamoja na moto. Nje kuna polyesta isiyochanika upesi. Katikati, alumini au plastiki maalumu ya kuzuia oksijeni. Ndani, polipropilini inayostahimili joto. Chakula hufungwa kwanza, kisha hupikwa humo kiwandani kwa shinikizo, kwenye joto la nyuzi 121 hivi.

Kuzuia hewa pekee hakuui viini. Kiini kinachosababisha botulizimu hustawi pasipo hewa, na mbegu zake hustahimili hata maji yanayochemka. Kwa hivyo samaki au nyama iliyofungwa kwa mashine ya kunyonya hewa bado huhitaji friji.

Mfuko ukifura, ukivuja au ukitoboka, utupwe. Usionje kwanza: sumu hiyo huenda isiwe na harufu wala ladha. Mtu akiona vitu viwiliviwili, kope zikilegea au akishindwa kumeza, apelekwe hospitalini mara moja.